Shoti ni ya nani?

Ijumaa jioni, mabasi madogo ya kukodi hushuka Gisenyi kutoka Kigali yamejaa watu waliovaa fulana za rangi moja. Mwendo ni saa tatu na kitu, kona juu ya kona, na abiria hushuka wakinyoosha miguu na kuchekana kama wanafunzi waliofunga shule. Ni watu wa makao makuu: wa benki, wa bima, wa kampuni za simu, wa mashirika. Watalala katika hoteli za kando ya Ziwa Kivu, watavuta kamba mchangani, watakula samaki wa sambaza wa kukaanga, na kesho asubuhi wataketi ukumbini kumsikiliza mtaalamu akiwaeleza jinsi ari ya kazi inavyojengwa.

Mita mia chache kutoka ufukweni, kuna tawi ambalo bado halijafunga hesabu. Ijumaa moja ya aina hiyo nilikuwa mteja wa mwisho katika benki ambayo sitaitaja. Mlango ulikuwa umeshafungwa nusu, nami nasubiri karatasi ya hesabu yangu. Dirisha la tatu, keshia alikuwa anahesabu dola kwa mara ya nne. Mara tatu alipitisha noti kwenye mashine. Mara ya nne aliacha mashine akahesabu kwa kidole, akilowesha kidole kwenye sponji, akizipanga mia mia zote zitazame upande mmoja. Noti moja ya dola mia haikuwepo. Meneja alikuja, akasimama nyuma ya kiti chake, akangoja. Hakufoka. Alisema tu, “Dada, tuandike.” Dada akajibu, “Andika, bosi,” akavuta daftari mwenyewe.

Shoti, ndivyo makeshia wa kanda hii wanavyouita upungufu huo. Dola mia kwa faranga za Rwanda za mwaka 2025 ni zaidi ya 140,000. Itakatwa mshahara, kwa awamu akibembeleza. Pengine noti ilipita kwa mteja aliyepewa kumi na moja badala ya kumi, na wakati huo mteja yuko ng'ambo ya mpaka anakunywa chai. Pengine mashine ilisoma mbili zilizogandana kama moja. Hakuna ajuaye. Kinachojulikana ni jina la atakayelipa.

Nikitazama fulana za Ijumaa na daftari lile, naona swali la ari ya kazi katika kampuni kubwa za fedha linaulizwa kutoka upande usio wake. Tunauliza kama wafanyakazi wana furaha, wanapendana, wanaijua kaulimbiu. Biashara ya fedha, ukiivua koti, ni biashara ya kubeba hatari za watu wengine kwa malipo. Benki humwambia mkulima na mchuuzi: leta wasiwasi wako, mimi nina mabega. Basi mtu wa kupima ari ndani ya nyumba hiyo angeanza na jambo moja: mabega hayo ni ya nani hasa? Hasara ikitokea inatua kwa nani, na je, anayetuliwa alikubali kabla?

Gisenyi ni mahali pazuri pa kuulizia kwa sababu hapa hatari haisomwi kwenye ripoti, inaonekana dirishani. Mji umebanana na Goma ya Kongo kiasi kwamba mgeni anaweza kuvuka mpaka akidhani anavuka mtaa. Kabla ya korona, kivuko cha Petite Barrière peke yake kilikuwa kikipitisha takriban watu 50,000 kwa siku, wengi wao akina mama wenye nyanya, karoti, maziwa na unga kichwani. Mpaka ukikohoa, tawi la benki linaugua. Tarehe 1 Agosti 2019 ulifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu ya Ebola. Machi 2020 ulifungwa kwa korona, safari hii kwa muda mrefu. Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na matetemeko ya siku zilizofuata yakapasua nyumba na barabara za Rubavu, wilaya yenye mji huu. Juni 2022 askari wa Kongo aliuawa kwa risasi pale Petite Barrière, na Kinshasa ikakata saa za kuvuka hadi saa tisa alasiri. Katika kila tukio, malengo ya robo mwaka yalikuwa yamekwisha kuandikwa Kigali.

Halafu ikaja Januari 2025. Tarehe 27, siku waasi wa M23 walipoingia Goma, makombora na risasi viliangukia upande huu pia, raia wakauawa ndani ya Rubavu, watu wakaambiwa wabaki majumbani. Moshi ulipotulia, benki za Goma zilikuwa zimefunga milango, na hazikufunguka wiki ile wala mwezi uliofuata. Mji mzima ukawa na akaunti zisizotoa pesa. Watu wakafanya walichozoea kufanya wanapokosa kitu nyumbani: wakavuka. Mwenye kadi inayokubalika kimataifa alitafuta mashine ya ATM ya Gisenyi, na aliyekuwa na ndugu wa kumtumia alifuata foleni ya dirishani akiwa na kitambulisho mkononi.

Fikiria foleni hiyo kutoka ndani ya kioo. Upande wa Kongo dola ndiyo pesa ya akiba na ya kodi ya nyumba, na noti yenye mpasuko wa milimita mbili ukingoni hukataliwa sokoni kama samaki wa jana. Kwa hiyo mteja wa Goma hapokei pesa, anaikagua. Anainua noti kwenye mwanga, anapitisha ukucha pembeni, anarudisha mbili kati ya tano: “Mama, hii itanisumbua, nibadilishie.” Keshia anabadilisha. Jioni anabaki na fungu la noti ambazo wateja wamezikataa na ambazo naye atalazimika kuzieleza. Anazungumza Kinyarwanda na wa kwanza, Kiswahili na wa pili, Kifaransa na wa tatu ambaye ni daktari, na ujumbe unaoingia kwenye kompyuta yake kutoka makao makuu, wa kumkumbusha kuwa muda wa kumhudumia mteja unapimwa, umeandikwa Kiingereza. Ile lugha ya pili, Kiswahili, ambayo Rwanda iliifanya rasmi mwaka 2017 na ambayo hapa ilizungumzwa kabla ya kuwa rasmi, ndiyo inayoingiza wateja wengi wa tawi la mpakani. Sijawahi kuona tangazo la kazi linaloilipia.

Kuna jambo jingine kuhusu kipindi kile ambalo halikusemwa sana. KCB ya Kenya inamiliki BPR upande wa Rwanda, na mwisho wa 2022 ilinunua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank ya Kongo. Equity ina Equity Bank Rwanda, na tangu 2020 ina hisa nyingi katika BCDC ya zamani, sasa EquityBCDC. Maana yake, vikundi viwili vikubwa vya fedha vya Afrika Mashariki vilikuwa na watu pande zote mbili za bariyeri ileile. Kilomita chache zilitenganisha tawi lililofungwa na tawi lililofurika, na wote, kwa maneno ya matangazo, ni familia moja.

Sisemi hivyo kwa kejeli. Kutawanyika huko ndiko kunakozifanya kampuni hizi ziwe imara: KCB iko katika nchi 7, kwa hiyo mvua ikikosekana Goma, Dar es Salaam na Kampala zinavunwa. Mwenye mashamba saba halali njaa kwa sababu moja limekauka. Mfanyakazi ana shamba moja tu, nalo ni tawi lake. Hatari ambayo kwa kampuni ni mstari mmoja katika hesabu za mwaka, kwake ni ada ya shule ya muhula ujao. Mtu anayedai ari ilingane ngazi zote angekumbuka kwamba hatari hailingani.

Tuje kwenye wenye mali. Hakuna benki Rwanda inayofundisha somo la wenye mali vizuri kuliko BPR, ile ambayo wazee wa Gisenyi bado wanaiita Banki y'Abaturage, yaani benki ya wananchi. Ilianza mwaka 1975 huko Nkamba, mashariki ya nchi, kama chama cha kuweka na kukopa kilichosaidiwa na Waswisi. Vyama vya aina hiyo vilienea, vikaungana mwaka 1986. Mwaka 2008 muungano uligeuzwa benki ya biashara, Rabobank ya Uholanzi ikachukua asilimia 35. Mwaka 2016 Atlas Mara, kampuni ya Bob Diamond aliyewahi kuongoza Barclays, ilichukua asilimia 62. Mwaka 2021 Atlas Mara ikauza hisa hizo kwa KCB, na Aprili 2022 BPR na KCB Rwanda zikawa benki moja.

Tuchukue mtu aliyeajiriwa hapo mwaka 2005 akiwa na miaka 23. Hajahama kiti. Amefanya kazi chini ya wanachama, Waholanzi, wawekezaji waliojiandikisha kwenye soko la hisa la London, na Wakenya. Kila mmoja alikuja na rangi yake, mfumo wake wa kompyuta, fomu zake za tathmini na maadili matano ya kubandika ukutani. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ununuzi wa makampuni mwenyeji huwa ndiye anayeulizwa, mgeni akishaketi, yeye anafanya kazi gani hasa humu ndani.

Athari yake kwa ari si ile inayotajwa kwenye semina za mabadiliko. Huko husemwa watu wanaogopa mabadiliko. Nimezungumza na watu wa benki wa umri huo, wa nyumba mbalimbali, na sikuona woga. Niliona ujuzi usio na soko. Mtu anajua kwamba familia fulani ya Nyamyumba hulipa deni baada ya msimu wa kahawa, kwamba mchuuzi fulani akisema Jumatatu ni Jumatano, kwamba shamba fulani lina kesi. Hayo hayana kisanduku kwenye mfumo mpya. Mfumo unataka alama za mkopaji, na alama zinatoka Kigali. Kisha kuna lugha: waliosoma kwa Kifaransa kabla Rwanda haijahamisha elimu yake kwenda Kiingereza kuanzia 2008 walijikuta siku moja wanaandika barua pepe kama watoto wa shule mbele ya vijana ambao wao wenyewe ndio waliowafundisha kazi. Mtu mzima akifanywa mjinga kwa lugha, hasemi. Ananyamaza kwenye mikutano, na kunyamaza kwake kunaandikwa kwenye tathmini kuwa hana ubunifu.

Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 haikumwacha mtupu: kampuni ikibadili mmiliki, mkataba wake unaendelea. Akipunguzwa kwa sababu za kiuchumi, kuna kiinua mgongo, kuanzia mshahara wa mwezi mmoja kwa asiyetimiza miaka mitano kazini hadi miezi sita kwa aliyepita miaka 25. Yule wetu wa 2005, akipunguzwa leo, angepata miezi mitano. Miaka ishirini, mishahara mitano. Kila mtu katika tawi anaijua hesabu hiyo kwa kichwa, hata wasiojua kaulimbiu.

Sasa tageti. Watu wa Kigali hupenda kusema kwamba Mnyarwanda ameshazoea malengo kwa sababu ya imihigo, mikataba ya utendaji ambayo mameya walianza kutia saini mbele ya Rais mwaka 2006. Kampuni nyingi zimeazima neno hilo. Zimeazima neno zikaacha kitendo. Katika desturi ya zamani aliyehiga, yaani aliyeweka ahadi, alisimama mwenyewe mbele ya watu akataja atakachofanya. Aibu ilikuwa yake kwa sababu kiapo kilikuwa chake. Afisa wa tawi hahigi. Anapokea jedwali limejazwa: akaunti mpya kadhaa, amana kadhaa, kadi, bima, watu waliopakua programu ya simu. Anatia saini chini. Kilichobaki cha imihigo hapo ni aibu peke yake.

Ukisimama kwenye foleni utaona matokeo. Mama wa nyanya, aliyekwisha kuvuka mpaka mara mbili tangu asubuhi na beseni lake liko nje linalindwa na mtoto, anaweka faranga 20,000. Kabla hajapewa risiti anaulizwa kama amepakua programu. Simu yake ni ya vitufe. Ana MoMo, pesa ya simu, inamtosha, na wakala wa MoMo amekaa chini ya mwavuli hatua kumi kutoka mlango wa benki bila kumuuliza kitu. Keshia anajua yote hayo. Anauliza kwa sababu asipouliza, kuna kamera na kuna mteja wa siri anayetumwa kupima. Wote wawili wanatazamana kwa huruma fulani, kisha foleni inasogea.

Hilo ni la kuchekesha, lakini njia hiyo ina mwisho unaojulikana. Wells Fargo ya Marekani iliwataka wafanyakazi wake wa matawi wauze hadi huduma nane kwa kila mteja. Hazikuuzika, kwa hiyo zikabuniwa: akaunti takriban milioni mbili ambazo huenda wateja hawakuziomba. Septemba 2016 benki ilitozwa dola milioni 185, na ikafahamika kuwa katika miaka mitano hivi ilikuwa imewafukuza wafanyakazi wapatao 5,300. Mkuu wake, John Stumpf, aliondoka mwezi uliofuata. Angalia mpangilio: maelfu ya watu wa chini walifukuzwa kidogokidogo kwa miaka, kila mmoja kama mwizi peke yake, kabla mtu hajauliza ni mwizi wa namna gani huyu anayeajiriwa katika kila tawi la nchi nzima.

Swali hilo liko karibu nasi zaidi ya tunavyodhani. Mei 2025, Equity ya Kenya iliwaachisha kazi wafanyakazi wapatao 1,200 katika msako wa udanganyifu uliochunguza hata pesa zilizoingia kwenye akaunti zao binafsi na simu zao. Simtetei anayechukua chochote cha mteja. Keshia aliyechukua elfu mbili za bibi kizee amevunja kitu ambacho benki haiwezi kununua tena. Ila watu 1,200 si kikapu cha maembe mabovu machache. Idadi kama hiyo inaeleza jinsi watu walivyoajiriwa, walivyolipwa, walivyosimamiwa na walivyoona wengine wakifanya. Na habari ile haikuishia Nairobi. Siku ile Gisenyi, hata katika matawi ya benki nyingine kabisa, watu walifungua simu zao wakaanza kukumbuka nani aliwarudishia deni la harusi kwa MoMo na kama ana akaunti pale kazini. Mtu ambaye kila senti inayoingia kwake inaweza kuitwa rushwa huacha kuchangisha, huacha kukopesha wenzake, hujitoa kwenye ikimina, kikundi cha kuchangiana, cha ofisi. Nacho ikimina, nadhani, kimejenga ari ya matawi kuliko mazoezi yote ya kuvuta kamba.

Afisa mikopo ana mzigo wa peke yake, na ndiye ningemtazama kwanza kama ningetaka kujua hali ya tawi. Mpaka ulipofungwa Machi 2020, biashara ya wachuuzi wa Gisenyi ilikatika kama uzi. Benki Kuu ya Rwanda iliruhusu mikopo ipangwe upya, na hilo lilisaidia sana vitabu vya benki. Lakini simu ya kumwambia mtu kwamba riba bado inahesabika haikupigwa na Benki Kuu. Ilipigwa na kijana wa tawi, kwa mama anayemjua kwa jina, ambaye Jumapili wataketi benchi moja kanisani. Keshia akitoka kazini ameacha shoti yake kwenye daftari. Afisa mikopo huishi mtaa mmoja na madeni yake. Wengine hubadili njia ya kwenda sokoni. Mmoja aliniambia kwamba amejifunza kununua viazi kwa watu wasiokopa, na ilichukua muda kuwapata.

Kwa nini basi hawaondoki? Ripoti za makampuni hupenda kutaja kwamba wanaoacha kazi ni wachache, na kuichukua kama dalili ya furaha. Ukikaa na watu wa benki usiku kidogo, wa kwanza atakayekunywa soda ya pili atakwambia jibu: mkopo wa nyumba. Benki za kanda hii huwakopesha wafanyakazi wao kwa riba nafuu kuliko ya wateja, ambao Rwanda hulipa karibu asilimia 16. Ukiacha kazi, nafuu inaondoka nawe mlangoni na deni linarudi kwenye riba ya sokoni. Ni fadhila ya kweli. Imewajengea watu nyumba Rugerero na Nyundo ambazo wasingezijenga. Ni pingu pia, tena ya dhahabu, na mtu aliyefungwa pingu akitulia hatuwezi kusema ameridhika.

Mshahara wenyewe umepungua bila mwajiri kuugusa. Kuanzia Januari 2025 mchango wa pensheni nchini ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 12, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi, na utaendelea kupanda hadi asilimia 20 ifikapo 2030. Chukua mshahara wa kubuni wa faranga 300,000. Kodi inaondoka na 54,000. Pensheni, iliyokuwa 9,000, sasa ni 18,000. Inabaki 228,000 kabla ya makato madogomadogo, kabla ya mkopo, na kabla ya noti ya dola mia iliyopotelea Goma. Uzeeni mtu atashukuru, naamini hivyo. Lakini Januari ile nilisikia watu wakilaumu kampuni zao kwa jambo ambalo kampuni hazikulifanya, na sababu ni kwamba hakuna aliyeketi nao kuwaeleza. Waliliona kwenye karatasi ya mshahara.

Hapo ndipo dodoso linapoingia. Kila mwaka makampuni makubwa hutuma kwa barua pepe maswali ya kupima kuridhika kwa wafanyakazi, na huahidi kwamba majibu hayana majina. Swali la kwanza: tawi lako. La pili: jinsia. La tatu: umri. La nne: cheo. Katika tawi la watu kumi na wawili, mwanamke wa miaka 47 anayesimamia madirisha ni mmoja duniani. Anajaza “nimeridhika sana” kuanzia juu hadi chini, dakika mbili, anarudi kwa wateja. Makao makuu yanapata asilimia nzuri, na asilimia hiyo ndiyo inayooneshwa ukutani katika ukumbi wa kando ya ziwa.

Sheria ina njia nyingine: wafanyakazi huchagua wawakilishi wao wa kuzungumza na mwajiri. Njia ni nzuri ikiwa mwakilishi haogopi tathmini yake mwenyewe. Nimemsikia mmoja akisema kazi yake kubwa mwaka mzima ilikuwa kuchagua rangi ya keki ya Krismasi. Alikuwa anatania, kwa sehemu.

Ukitaka kuona kitu tofauti usiende mbali, nenda SACCO ya umurenge. Nchini zilianzishwa 416 kuanzia 2009, moja kwa kila umurenge, yaani tarafa ya utawala. Rubavu ina imirenge 12 na kwa hiyo ilipata SACCO 12. Mishahara huko ni midogo kuliko ya benki, majengo ni ya kawaida, na hakuna anayepelekwa hotelini. Shoti ikitokea Busasamana asubuhi, jioni kila mwenye ng'ombe ameshaisikia, jambo ambalo lina ukatili wake. Lakini bodi ni majirani. Keshia akisema mashine ni mbovu, mjumbe wa bodi anakuja kuiangalia Alhamisi, kwa miguu. Mzigo unabebwa mbele ya macho ya watu, na hilo hubadili uzito wake. Serikali iko katika mpango wa kuziunganisha SACCO hizi hadi ngazi ya wilaya, kwa sababu nzuri za teknolojia na usalama wa amana. Nitatazama kama yule mjumbe wa Alhamisi atasalia.

Kama ningeulizwa na kampuni kubwa, na sijaulizwa, ningeanza na daftari la shoti. Kanuni iandikwe na isomwe na kila mtu: uzembe ni upi, ajali ni ipi, na ajali ilipwe na mfuko ambao kampuni inauchangia zaidi ya keshia. Tawi la mpakani lipate posho ya dirishani inayolingana na dola linazoshika. Tageti ya robo mwaka ibadilike siku mpaka unapofungwa, siku ileile, bila meneja kuandika barua tatu za kuomba. Mama aliyerudi kutoka likizo ya uzazi, ambayo tangu 2023 ni wiki 14, asikute tageti ya mwaka mzima inamsubiri kwa miezi iliyobaki. Gharama ya yote haya kwa tawi moja, nadhani, haifiki ya wikendi moja ya ufukweni kwa mabasi mawili.

Yule dada wa dirisha la tatu nilimwona tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, tukizibua mtaro wa maji ya mvua. Alikuwa amevaa fulana ya wale wa Ijumaa. Boksi zima lilikuwa limeletwa tawini baada ya wageni kuondoka, zilizobaki, zote za ukubwa mmoja. Yake ilimfika magotini na alikuwa ameifunga fundo kiunoni ili isiingie kwenye tope. Nilimuuliza kuhusu ile noti. Akasema wamemkubalia awamu tatu, ya kwanza imeshakatwa. Kisha akanipa koleo akavuta ndoo.